Mizani ya Sauti

Wazee wetu walipima urefu kwa shibiri, mkono na pima. Nafaka waliipima kwa kibaba na pishi. Pembe za ndovu na karafuu zilizopakiwa majahazini zilipimwa kwa frasila. Vipimo hivyo vilikuwa na manufaa makubwa, maana mnunuzi na muuzaji waliposhindana, kipimo kililetwa na ugomvi ukaisha. Sauti peke yake haikuwa na pishi wala frasila. Mtu aliyetaka kujua kama ngoma mbili zimewambwa sawasawa alitegemea sikio lake, na mwenzake alipokataa, hapakuwa na mwamuzi wa tatu.

Insha hii yaeleza jinsi mizani ya sauti ilivyopatikana. Habari zake zatoka Ulaya na Marekani, na sehemu kubwa yake yahusu chombo kimoja kilichoundwa katika banda la motokaa mwaka wa 1939. Chombo hicho sasa ni cha kale. Hata hivyo kanuni yake ingali hai, na wako mafundi wanaokitumia mpaka leo.

Kwanza yafaa tukumbuke sauti ni nini. Uzi wa zeze ukikwanyuliwa hutetema. Hewa iliyo karibu nao hutetema pia, na mtetemo huo husafiri hadi sikioni. Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde moja, sauti huwa nzito kama ya ngoma kubwa. Ikiwa mingi, sauti huwa nyembamba kama ya filimbi. Kijana mwenye masikio mazima husikia tangu mitetemo kama 20 kwa sekunde hata kufikia 20,000. Kila tunapoendelea katika umri, sauti zile nyembamba sana hutupotea. Kipimo cha mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hertz, kwa heshima ya Mjerumani Heinrich Hertz. Jina hilo lilikubaliwa katika utaratibu wa vipimo vya mataifa mwaka wa 1960, na kwa hiyo vyombo vilivyotengenezwa kabla ya hapo huandikwa “mizunguko kwa sekunde” kwa lugha ya nchi vilikotoka.

Sikio ni kiungo cha ajabu, lakini si shahidi asiyependelea. Mwaka wa 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya simu ya Bell, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya usikivu wa watu. Walionyesha kwamba sauti nzito lazima ipewe nguvu nyingi zaidi kuliko sauti ya kati ili msikilizaji aione kuwa sawa nayo, na kwamba tofauti hiyo huzidi sauti zinapokuwa za chini. Ndiyo sababu ukipunguza sauti ya redio usiku, ngoma za muziki hupotea kabla ya nyimbo. Redio haikubadilika, lililobadilika ni sikio. Basi mtu akisema, “Redio yangu hutoa sauti zote sawasawa,” huenda asema kweli na huenda asiseme kweli, naye mwenyewe hana njia ya kujua.

Kipimo cha kwanza kilichokuwa imara kilikuwa uma wa chuma wenye meno mawili, uliobuniwa mwaka wa 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa London. Uma huo ukigongwa hutoa sauti moja isiyobadilika upesi. Wanamuziki waliufurahia, lakini uma wa mji mmoja haukupatana na uma wa mji mwingine. Serikali ya Ufaransa iliingilia jambo hilo mwaka wa 1859, ikaamuru kwamba sauti ambayo wanamuziki huiita A iwe na mitetemo 435 kwa sekunde. Katika mkutano wa mataifa uliofanyika London mwezi wa Mei 1939, ilikubaliwa iwe 440. Hivyo ilipita zaidi ya miaka mia mbili tangu uma kubuniwa hata mataifa kupatana juu ya sauti moja tu.

Mfaransa Jules Lissajous, katika miaka ya 1850, alipata njia ya kulinganisha sauti mbili kwa macho. Alibandika kioo kidogo kwenye kila uma, akaziweka uma mbili ili moja iteteme wima na nyingine kwa upande, kisha akarusha mwali wa mwanga upige kioo cha kwanza, urukie cha pili, na kutua ukutani. Uma zilipotetema sawasawa, mwali ulichora duara, yai au mstari. Uma moja ilipotetema mara mbili kwa kila mtetemo mmoja wa nyingine, mwali ulichora umbo kama namba 8. Msomaji na aliweke umbo hilo moyoni, maana tutakutana nalo tena mbele.

Alexander Graham Bell alipopata hataza ya simu mwaka wa 1876, sauti ilianza kusafiri katika waya kwa umbo la umeme. Mambo yakawa mapya. Mhandisi wa simu alitaka kujua kama waya wake unachukua sauti nzito na nyembamba kwa kiasi kimoja, au unameza nyingine njiani. Uma ulitoa sauti moja tu, naye alihitaji chombo cha kutoa mitetemo ya umeme ya kiasi chochote apendacho, yenye nguvu isiyopanda wala kushuka. Chombo cha namna hiyo huitwa osileta. Kilipata kuwezekana baada ya Mmarekani Lee de Forest kubuni, mwaka wa 1906, valvu yenye sehemu tatu ndani yake. Maana valvu hiyo, ilipofahamika vizuri, iliweza kukuza umeme mdogo ukawa mkubwa.

Osileta za sauti zilizosifiwa zaidi katika miaka ya 1920 na 1930 zilifanya kazi kwa njia ya kuzunguka. Ndani yake mlikuwa na osileta mbili za mitetemo mingi mno, na sauti iliyotakiwa ilikuwa tofauti kati ya hizo mbili. Kwa mfano, moja ikitetema mara 100,000 na nyingine mara 101,000, tofauti ni 1,000, nayo ndiyo hutoka nje. Hesabu hiyo ni nzuri katika karatasi, bali ina hatari. Joto likiisogeza osileta moja kwa mitetemo 100 tu, ambayo ni kama sehemu moja katika elfu, tofauti haitakuwa 1,000 tena. Itakuwa 1,100 au 900. Kosa dogo ndani limekuwa kosa la kumi kwa mia nje. Na kama fundi alitaka sauti nzito ya mitetemo 50, kosa hilo la 100 ni kubwa kuliko sauti yenyewe! Kwa hiyo vyombo hivyo vilihitaji uangalifu mwingi katika kuundwa, vilirekebishwa mara kwa mara vilipotumiwa, na bei yake ilikuwa mamia ya dola. Chuo kidogo au fundi wa redio wa mtaani hakuweza kuvinunua.

Hapa ndipo habari yetu inapofika kwa William Hewlett, kijana aliyezaliwa mwaka wa 1913, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California chini ya Profesa Frederick Terman. Hewlett hakuanza na mikono mitupu. Mjerumani Max Wien, mwaka wa 1891, alikuwa ameeleza mpango wa rezista na kapasita ambao hupendelea kiasi kimoja tu cha mitetemo na kuvidhoofisha viasi vingine. Wien hakuweza kuufanya osileta kwa sababu valvu ya kukuza umeme ilikuwa bado haijazaliwa. Tena Harold Black, mhandisi wa maabara ya Bell, akiwa katika feri akivuka mto kwenda kazini New York mwezi wa Agosti 1927, aliwaza kwamba sehemu ya umeme unaotoka katika chombo cha kukuza ikirudishwa nyuma ili kupingana na ule unaoingia, makosa ya chombo hupungua sana. Aliandika wazo lake papo hapo juu ya gazeti alilokuwa nalo. Na mwaka wa 1938, L. A. Meacham wa maabara hiyo hiyo alionyesha jinsi balbu ndogo inavyoweza kuituliza osileta ya namna nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya Hewlett ilikuwa kuviunganisha vidole hivyo.

Tatizo lake lilikuwa hili. Katika mpango wa Wien, mitetemo inayopendelewa hupita ikiwa imebaki theluthi moja ya nguvu yake. Basi ili izunguke bila kufa, valvu sharti ziizidishe mara tatu kamili. Zikiizidisha mara 2.9, kila mzunguko utakuwa mdogo kuliko uliotangulia, na sauti itazimika. Zikiizidisha mara 3.1, kila mzunguko utakuwa mkubwa zaidi, hata valvu zishindwe na vilele vya mawimbi vikatike kama vilivyofyekwa kwa panga. Hakuna valvu duniani inayozidisha mara tatu kamili asubuhi na jioni, katika baridi na joto. Nani atasimama hapo kuirekebisha kila nukta?

Hewlett alimweka mlinzi wa bei rahisi: balbu ya kawaida ya umeme. Waya mwembamba ulio ndani ya balbu una tabia moja iliyojulikana siku nyingi, kwamba ukipata joto huzidi kuuzuia umeme usipite. Aliiweka balbu hiyo katika njia ya umeme unaorudishwa nyuma. Mitetemo ikizidi nguvu, waya wa balbu hupata joto, uzuiaji wake huongezeka, umeme unaopinga huwa mwingi, na ukuzaji hupungua. Mitetemo ikidhoofika, waya hupoa na ukuzaji hurudi. Kwa sababu waya hauwezi kupata joto na kupoa upesi kama mitetemo inavyokuja, hauliharibu umbo la wimbi moja moja. Hutazama wastani wa mawimbi mengi, kama mchungaji anayetazama mwendo wa kundi zima asihesabu kwato. Balbu haikuwekwa pale ili itoe mwanga. Kazi yake ilikuwa kutuliza.

Kijana huyo na rafiki yake David Packard walianzisha kampuni yao mwezi wa Januari 1939, wakiwa na mtaji wa dola 538. Kiwanda kilikuwa banda la motokaa nyuma ya nyumba namba 367, Addison Avenue, katika mji wa Palo Alto. Packard na mkewe Lucile walikaa katika nyumba, Hewlett alilala katika kibanda uani, na rangi ya vyombo ilikaushwa katika oveni ya jikoni. Walirusha sarafu kuamua jina la nani litangulie, na la Hewlett likashinda. Chombo chao cha kwanza walikiita 200A, ili wanunuzi wasifikiri kwamba ndicho cha kwanza kabisa. Kilitoa mitetemo tangu 35 kwa sekunde hadi 35,000, na bei yake ilikuwa dola 54.40. Baadaye walitambua kwamba bei hiyo haikutosha gharama zao. Lakini kwa kuwa vyombo vya washindani viliuzwa kwa mamia ya dola, walikuwa na nafasi ya kutosha ya kuongeza.

Kampuni ya filamu ya Walt Disney ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Ilinunua vyombo vinane vya aina ya 200B, vilivyofuata 200A, kwa dola 71.50 kila kimoja, vitumike katika kupima mitambo ya sauti ya filamu iliyoitwa Fantasia, iliyoonyeshwa kwanza New York mwezi wa Novemba 1940. Filamu hiyo ilijaa muziki wa okestra kubwa, na muziki huo ulitoka katika vipaza sauti vilivyowekwa pande mbalimbali za ukumbi. Kama kipaza sauti cha upande mmoja kingemeza sauti nzito na cha upande mwingine kisimeze, kazi yote ya wanamuziki ingeharibika. Wakaguzi hawakuweza kutegemea masikio yao. Walihitaji mizani.

Tuone sasa jinsi mizani hiyo inavyotumiwa. Tuseme chama cha sayansi cha shule kina ampilifaya, yaani chombo cha kukuza sauti, nacho chataka kujua ubora wake. Vyahitajika vyombo vitatu: osileta ya kutoa mitetemo, voltimita ya kupima nguvu yake, na osiloskopu ya kuonyesha umbo lake. Osiloskopu yatokana na bomba la kioo alilolibuni Mjerumani Ferdinand Braun mwaka wa 1897, ambalo ndani yake mshale wa elektroni huchora nuru juu ya uso wa kioo. Badala ya kuwa na kipaza sauti, ampilifaya hufungiwa rezista yenye uwezo wa kuhimili nguvu yake, ili majaribio yasiumize masikio ya watu wala kukichoma kipaza sauti.

Osileta huwekwa kwenye mitetemo 1,000, na tuseme voltimita yaonyesha volti 10 zikitoka. Mpimaji huteremka kwenye 500, 200, 100, 50 na 20, kisha hupanda kwenye 2,000, 5,000, 10,000 na 20,000. Kila mara huhakikisha kwamba nguvu inayoingia haikubadilika, kisha huandika nguvu inayotoka. Mahali volti 10 zinaposhuka zikawa 7 ndipo mafundi husema mpaka umefika. Sababu yake ni hesabu nyepesi: nguvu ya umeme hufuata mraba wa volti, na 7 mara 7 ni 49, karibu nusu ya 100. Nusu hiyo huitwa upungufu wa desibeli 3, jina lililotungwa na wahandisi wa simu katika miaka ya 1920 kwa kumkumbuka Bell. Namba hizo zikichorwa katika karatasi ya mraba, hutokea mlima wenye kilele bapa na miteremko miwili, na kila mtu huona ampilifaya inaanzia wapi na kuishia wapi. Aliyeiuza na aliyeinunua hawana tena haja ya kubishana.

Mpimaji mwenye busara huitazama osiloskopu kabla ya kuiamini voltimita. Voltimita nyingi za zamani hupima wastani wa wimbi, ila uso wake umeandikwa kwa kudhani kwamba wimbi ni laini na kamili. Wimbi likiwa limekatwa vilele, mshale wa voltimita utaendelea kusimama mahali panapopendeza, na namba itakayosomwa itakuwa ya uongo.

Osileta nayo yapaswa kuchunguzwa, na hapo Lissajous hurudi. Umeme wa majumbani hapa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Mwalimu huupunguza kwa transfoma ndogo mpaka volti chache zisizodhuru, akauingiza upande mmoja wa osiloskopu, na osileta upande wa pili. Osileta ikifika 50, duara au yai hutokea. Ikifika 100, namba 8 hutokea. Ikifika 150, vitanzi vitatu hutokea. Picha ikisimama tuli, hesabu imepatana. Ikizungukazunguka, bado kidogo. Umeme wa majumbani wenyewe huyumba kidogo, lakini watosha kuisahihisha osileta ya zamani, ambayo uso wake huweza kukosea mbili kwa mia. Vioo vya Lissajous na mwali wake vimegeuka kuwa valvu na bomba la kioo, lakini umbo la 8 ni lile lile.

Yapo maonyo kwa anayepata chombo cha namna hiyo. Valvu hufanya kazi kwa volti mamia, na kapasita zaweza kushika umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mtu asiyefundishwa asifungue kifuniko. Kapasita za zamani hukauka au huvuja kwa uzee, nazo zikipewa umeme wote ghafula zaweza kupasuka. Vyombo vingi vilivyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani vyahitaji volti 115, na hapa kwetu volti ni 240. Kukiunganisha bila transfoma ni kukichoma. Hata kikiwa kizima, sharti kiachwe kipate joto kwa muda wa nusu saa kabla ya kupima, kwa kuwa mitetemo yake husogea kinapokuwa baridi. Kipimo cha haraka kwa chombo cha kale hakina thamani.

Siku hizi kompyuta hufanya kazi ya vyombo vyote vitatu kwa dakika chache. Lile banda la Palo Alto liliwekewa bamba la kumbukumbu mwaka wa 1989, nalo laitwa mahali pa kuzaliwa Silicon Valley. Watu wengi husoma bamba hilo wakafikiria utajiri uliotoka bandani. Mwanafunzi wa historia afikirie pia jambo jingine. Kabla ya mwaka wa 1939, mtu aliyetaka kuijua kweli ya sauti alihitaji mamia ya dola au nafasi katika maabara kubwa. Wengine waliishi kwa kuamini maneno ya wauzaji. Kipimo kilichoshuka bei kiliwapa fundi mdogo na chuo kidogo haki ya kuuliza, “Je, ni kweli?” na kujibiwa kwa namba. Haki hiyo ililetwa na balbu ambayo kila mtu alikuwa nayo nyumbani, na tabia yake ya kuzuia umeme ikipata joto ilikuwa imeandikwa vitabuni siku nyingi. Wengi waliisoma wakafaulu mitihani. Wachache, kina Meacham na Hewlett, waliisoma wakauliza inaweza kufanya kazi gani.